Nimekatika ncha za vidole viwili vya gitaa. Tony Iommi wa Black Sabbath alirudi vipi?

FundiBati (Kizota, Dodoma)

Wakuu, heshima kwenu. Wazee wa jukwaa, shikamooni.

Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu, maana jambo hili limenikaa kooni miezi mitano. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, nina miaka 27. Toka kidato cha pili napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa letu huku Chang'ombe. Sikusomea. Nilikuwa nakaa nyuma ya kaka aliyekuwa akipiga kabla yangu, naangalia mkono wake wa kushoto ibada nzima, nikirudi nyumbani najaribu kwenye ubao niliouchora nyuzi sita kwa mkaa. Mwaka huu kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi nyimbo nane, na solo za nyimbo sita ni zangu.

Mwezi wa tatu nilikuwa kibaruani kwenye karakana moja, kwenye mashine ya kukunja bati. Tulikuwa wawili. Mimi naweka bati, mwenzangu anakanyaga kanyagio. Bati moja lilikaa upande, nikarudisha mkono kulinyoosha, naye alidhani nimeshautoa. Mkono wa kushoto, kidole cha kati na cha pete, vimekatika kwenye kiungo cha juu kabisa, kucha zimeenda zote. Mwenzangu alilia kuliko mimi. Sina kinyongo naye, na hili nimemwambia mwenyewe.

Niliporudi kutoka hospitali nilikuta gitaa limening'inia ukutani juu ya kitanda. Nilimwomba mama alifunike kwa kitenge. Likakaa hivyo mpaka mwezi wa saba.

Mwezi huo Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, ile bendi ya Uingereza, akafariki. Simjui wala simsikilizi, lakini kuna dogo mmoja bodaboda hapa kijiweni anapenda metali, ile roki nzito ya magitaa, balaa, akawa anatuonyesha kwenye simu lile onyesho lao la mwisho la Birmingham. Nikawa natazama tu kwa sababu ya gitaa. Mpigaji ni mzee, nywele nyeusi, miwani, amesimama ametulia kabisa kama mtu anayesubiri gari. Anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo anabana nyuzi kwa wa kulia. Nikaona vidole vyake viwili vina kitu kama vikofia. Nikamwambia dogo asimamishe. Akakuza picha. Kidole cha kati na cha pete. Vilevile vyangu.

Siku hiyo nilishindwa kufanya kazi. Nilirudi nyumbani nikatoa kitenge.

Nimejaribu bila kofia yoyote: ni kama kukanyaga msumari, na uzi unateleza pembeni. Sasa maswali yangu. Ni kweli huyu mpigaji, Tony Iommi, alikatwa vidole kiwandani? Vile vikofia alivitengenezaje, na mtu wa Dodoma asiye na hela ya kwenda nje anaweza kuvitengeneza? Na kubwa zaidi: alirudi akapiga kama zamani, au alipiga kitu kingine? Daktari aliniambia nitafute chombo kingine, labda ngoma. Naomba mtu anayejua, si wa kunitia moyo tu.

Nawasilisha.

Mtumishi_Ipagala

Pole sana ndugu yangu, Mungu akufanyie wepesi. Mimi naomba kuuliza kitu kimoja kwa nia njema. Hao Black Sabbath si ndio wanaosemwa waliimba mambo ya giza? Wewe ni mtu wa madhabahuni. Kuna haja gani ya kwenda kujifunza huko wakati wapo wapigaji wengi wa Injili?

MzeeNyuzi (Majengo)

Mbukwenyi. Marahaba kijana wangu, na pole. Nimesoma maneno yako mara mbili, ya pili nimeyasoma nimesimama.

Natengeneza magitaa na redio hapa Majengo tangu 1994. Kabla ya hapo nilipiga solo kwenye dansi mpaka bendi zenyewe zikafa. Huyu Iommi nilimfahamu mwaka 1986, nikiwa utingo wa gari la kuchimba visima vijijini, kuanzia Mvumi hadi Mpwapwa. Mhandisi wetu alikuwa Mwingereza mzaliwa wa Birmingham, na kwenye dashibodi alifunga redio kaseti ya betri. Alikuwa na kaseti tatu tu, mbili za Black Sabbath. Vumbi, joto la mwezi wa kumi na moja, mibuyu huku na huku, na gitaa linakwenda taratibu, zito kama jiwe la kusagia. Nikamwambia, "Bosi, betri zimekwisha." Akasimamisha gari. Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso wangu, akakunja ncha za vidole viwili, akanieleza kisa chote pale pale, injini inanguruma.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: ni kweli tupu. Anthony Frank Iommi, amezaliwa Birmingham tarehe 19 Februari 1948, mtoto wa pekee wa wazazi wenye asili ya Italia. Alikuwa fundi wa kuchomelea kama wewe. Akiwa na miaka 17 alipata bendi iliyokuwa inakwenda kupiga Ujerumani, akaaga kazi kiwandani. Siku ya mwisho alirudi nyumbani kula mchana, akamwambia mama yake harudi tena. Mama akamkatalia, akamwambia arudi akamalize siku yake kama mtu mwenye adabu. Akarudi. Mchana huo mtu wa mashine ya kukata na kukandamiza bati hakuja, Tony akawekwa pale, mashine ambayo hakuizoea. Ikashuka juu ya mkono wake. Akauvuta kwa kushtuka, ncha zikabaki.

Wasimuliaji wengi hukosea hapa. Yeye ni shoto. Mkono wa kulia ndio wa kubana nyuzi kwenye shingo ya gitaa, na ndio uliokatwa. Ungekatika wa kuchapia, angeshika kipande cha plastiki akaendelea. Kwako ni hivyo hivyo, kwa upande mwingine.

Madaktari walimwambia kama ulivyoambiwa: sahau gitaa. Aliyemtoa kwenye huzuni ni msimamizi wake wa kiwandani. Alimfuata nyumbani na sahani ya santuri, akamwambia sikiliza. Tony hakutaka hata kuusikia muziki. Yule bwana akang'ang'ana. Walipomaliza kusikiliza ndipo akamwambia: huyu mpigaji anatumia vidole viwili tu kwenye solo. Alikuwa Django Reinhardt, mtu wa Waromani, ile jamii ya wahamahamaji wa Ulaya, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 gari lake la kuishi liliungua moto, kidole cha pete na cha mwisho vya mkono wa kushoto vikaharibika. Akaja kuwa mpigaji wa jazi ambaye mpaka leo watu wanahangaika kumfuata kwa vidole vinne vizima.

Sasa vikofia. Tony alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaviringisha donge. Likipoa kiasi, akalitoboa kwa chuma cha moto cha kulehemu hadi kidole kikaingia, kisha akakaa na msasa saa nyingi akilichonga lifanane na ncha ya kidole. Kikamtosha. Lakini plastiki tupu inateleza juu ya uzi. Akajaribu vitambaa vya kila aina, havikufaa. Mwishowe akakata kipande cha koti lake kuukuu la ngozi, akakigundisha juu, akakisugua mpaka kikapata ugumu unaoshika uzi. Baadaye alipata vya kutengenezewa na wataalamu wa viungo bandia, lakini ile ngozi aliendelea kuitumia miaka na miaka, kipande kidogo kidogo.

Kijana, soma hapa kwa makini maana ndipo lilipo jibu la swali lako la tatu. Hakurudi kupiga kama zamani. Kofia haina hisia. Vidole viwili vilivyokuwa vinamwambia uzi uko wapi na umebanwa kiasi gani vikanyamaza, akabaki na sikio na jicho. Chodi kubwa za vidole vinne zikawa shida. Na nyuzi za wakati ule zilikuwa nene, zilimuumiza. Kwa hiyo akaacha kuulazimisha mkono ulifuate gitaa, akaanza kulibadili gitaa lifuate mkono.

Kwanza nyuzi. Alifunga za banjo, kwa sababu ni nyembamba. Aliwaendea watengenezaji wa nyuzi za gitaa akaomba nyembamba, wakamwambia hakuna atakayezinunua, mpaka kampuni moja ya Wales ikakubali. Leo nikiagiza Kariakoo naletewa pakiti za nyuzi nyembamba bila hata kutaja. Si yeye peke yake aliyesukuma hilo duniani, lakini alikuwa miongoni mwa wenye shida kweli. Mimi nakumbuka uhaba wa miaka ya themanini hapa kwetu, tulifunga waya wa breki ya baiskeli kwenye gitaa, ukipiga dansi usiku mzima asubuhi huwezi kumenya chungwa. Kwa hiyo namwelewa vizuri huyu mtu.

Pili, chodi. Akategemea chodi ya noti mbili, ya kwanza na ya tano, anaibana kwa vidole vichache, halafu anaijaza kwa amplifaya iliyofunguliwa mpaka sauti inakwaruza. Noti mbili zikawa pana kama ukuta.

Tatu, kulegeza nyuzi. Watu husema alizilegeza tangu mwanzo, si hivyo. Albamu ya kwanza ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, na muziki wake walirekodi kwa siku moja tu. Hiyo na iliyofuata mwaka huo huo, kwa sehemu kubwa gitaa liko kwenye tuni ya kawaida. Ni kwenye albamu ya tatu, 1971, aliposhusha nyuzi zote nusu toni tatu, yaani hatua tatu za nusu toni. Ukishusha hivyo, mvuto wa uzi unapungua karibu asilimia 30. Kwa mtu anayebana kwa kofia ya plastiki juu ya mfupa, asilimia 30 ni tofauti ya kupiga na kulia. Alikuwa anapunguza maumivu. Bendi yake ikasikia kitu kingine: gitaa limeingia chini, besi ya Geezer Butler ikashuka nalo, na sauti ile niliyodhani ni betri kwisha ikazaliwa. Bendi za metali zinazoshusha nyuzi leo, kuanzia Marekani mpaka Skandinavia, zinapita njia ile ile, na wengi wao vidole ni vizima.

Hata Zambia jirani zetu hapa, miaka ya sabini vijana kama bendi ya WITCH walizisikia santuri hizo za Waingereza wakachanganya na ngoma za kwao.

Nisikufiche, mimi nimelelewa na solo la Mbaraka Mwinshehe na nitakufa nalo. Solo la Mbaraka linateleza juu juu kama kumbikumbi, vidole haviulizi. Ukiniuliza kama Iommi angeweza lile kwa mkono wake, nitakuambia asingeweza. Na Mbaraka asingepata kile cha Iommi. Hilo ndilo nilitaka ulijue kabla hujayeyusha chupa.

Ndugu Mtumishi, swali lako ni la haki. Jina la bendi lilitokana na sinema ya kutisha iliyokuwa inaonyeshwa, wakaona watu wanatoa hela ili waogopeshwe. Ni kweli muziki wao una giza, wimbo wao wa kwanza umejengwa juu ya ule umbali wa noti mbili unaokwaruza sikio. Lakini ile misalaba waliyovaa shingoni, ya kwanza ilichongwa na baba yake Ozzy, fundi wa vyuma. Na Januari 2017 Iommi alitunga wimbo wa kwaya kwa ajili ya kanisa kuu la Birmingham, maneno yakitoka Zaburi ya 133, "Tazama, jinsi ilivyo vema, na kupendeza, ndugu wakae pamoja, kwa umoja." Ameupigia gitaa taratibu, kwaya imesimama nyuma yake. Usikilize, kisha tuendelee kuongea.

FundiBati, mambo ya vitendo. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuligeuza gitaa, ubane kwa mkono wa kulia ambao ni mzima. Iommi mwenyewe amesema aliliwaza hilo, akaona amepiga miaka mingi mno kuanza upya, na alikuwa kijana. Wewe una miaka kama kumi na miwili mkononi. Mimi nisingegeuza. Ya pili ni kofia. Chupa ya sabuni unayo, chuma cha kulehemu unacho, na kuchonga ni kazi yako. Ngozi usinunue ya dukani yenye rangi, inatoa unga. Tafuta mkoba wa zamani au mshipi wa mzee, ngozi iliyoshikwa na mikono ya watu miaka mingi. Nyuzi funga nyembamba kabisa, na ushushe nusu toni tatu.

FizioDom

Kaka FundiBati, pole. Mimi ni mtaalamu wa viungo, nafanya kazi hapa Dodoma, nimewaona wengi wa mashine za bati na za kusaga. Mzee ameeleza vizuri mno, naomba niongeze ya upande wangu kabla hujachoma plastiki.

Miezi mitano kidonda huwa kimefunga, lakini ncha ya kidole kilichokatika inakuwa na mishipa ya fahamu iliyokatwa ambayo inalia kwa kila kitu. Ile "kukanyaga msumari" uliyosema inatoka huko. Inafundishika. Anza kusugua ncha kwa pamba, dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Ukiizoea pamba, nenda kwenye kitambaa laini, halafu taulo, halafu kuizamisha kwenye bakuli la mchele mkavu na kukoroga. Kisha kugonga mezani taratibu. Usiruke hatua. Ikiwa kuna sehemu moja ndogo ambayo ukiigusa inapiga shoti mpaka kiganjani na haipungui kabisa, rudi hospitali, mwone daktari wa mifupa, inaweza kuwa kifundo cha mshipa wa fahamu na kinatibika.

Kofia: usiiumbe juu ya kidole chako. Tengeneza kidole cha udongo au cha plasta chenye kipimo chako, uumbe juu yake. Isikae kwa kubana. Ukiivua baada ya nusu saa ngozi ikiwa nyeupe au ya zambarau, imebana. Ndani weka soksi laini ya pamba. Na uivue kila baada ya dakika ishirini mwanzoni, hata kama unafurahia.

Jingine, limekaa nje ya muziki: ajali hiyo ni ya kazini. Mwajiri alipaswa kuitolea taarifa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hata kama ulikuwa kibarua, nenda kaulize, beba karatasi zako zote za hospitali. Usiliache lipite.

MwanaChamwino

Mbukwa. Naingia kidogo tu, maana mimi ni wa zeze na ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo, gitaa la umeme silijui.

Mzee kasema Iommi alifungua amplifaya mpaka sauti ikakwaruza. Dogo wangu aliponisikilizisha, nilishangaa watu wanaita kelele. Ilimba ya babu yangu ina tundu kwenye ubao, limefunikwa kwa utando wa buibui, ule mweupe unaofunika mayai. Ukipiga chuma, noti inatoka safi, halafu utando unatetemeka juu yake unaongeza mkwaruzo, zzzz. Utando ukipasuka, babu anasimamisha wimbo, anamtuma mtoto akatafute mwingine nyuma ya ghala. Ilimba isiyokwaruza kwetu imekufa. Hukwe Zawose, aliyezaliwa hapa hapa mkoani kwetu na kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alizunguka dunia na sauti hiyo hiyo mpaka alipofariki mwaka 2003, na wazungu hawakuikataa.

Kwa hiyo kaka, ukirudi kanisani na gitaa zito la chini linalokwaruza, usiwe na wasiwasi kwamba ni la kigeni. Bibi zako wa Kigogo watalijua kuliko vijana. Ukipata nafasi wakati wa tamasha la muziki wa Wagogo hapa Chamwino, njoo ukae karibu na wapiga ilimba, uangalie: wanapiga kwa vidole gumba tu. Viwili.

FundiBati

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nafuata maagizo.

Dada Fizio, shoti imebaki ya kidole cha pete tu, na imepungua. Mchele nilikoroga mpaka mama akawa ananifichia. Nilikwenda kuuliza habari ya fidia kama ulivyosema, wamenipokea, fomu ziko njiani.

Kofia ya kwanza ilinishinda. Niliyeyusha chupa nzima kwa pamoja ikawaka, ikatoa moshi mweusi, donge likawa na mapovu ndani, nilipolipiga msasa likapasuka. Ya pili nilikata vipande vidogo, nikavilainisha juu ya bati lililowekwa kwenye jiko la mkaa, si motoni moja kwa moja, nikavikandika kwenye kidole cha udongo. Hiyo ikakubali. Nimeipiga msasa namba 120, halafu 400, halafu 800 na maji. Ngozi nilipewa na mjomba wangu wa Bahi, kipande cha mshipi wa marehemu babu aliokuwa akifungia kisu cha kuchungia. Ulikuwa umekaa kwenye dari. Una mng'ao wa jasho lake upande mmoja. Nimekata miduara miwili midogo kuliko shilingi mia, nikaigundisha kwa gundi ya viatu.

Mzee, nimefunga nyuzi nyembamba na kushusha nusu toni tatu kama ulivyosema. Usiku wa kwanza niliziba dirisha kwa godoro nisiwasumbue majirani. Nilibana noti mbili, nikachapa. Sikuzisikia kwenye vidole. Nilizisikia kifuani na kwenye mbao za kitanda. Nilikaa pale na noti hizo mbili muda mrefu sana, nazichapa, nazisikiliza zinakufa, nazichapa tena. Mama alifungua mlango akasimama. Hakusema neno, akakaa kwenye ndoo.

Halafu nikautafuta ule wimbo wa Zaburi 133. Nimeupeleka kwa mwalimu wa kwaya. Mtumishi, nitakuambia ukweli, mwalimu aliusikiliza mara tatu kabla ya kuongea.

Nyimbo sita siwezi kuzipiga kama zilivyokuwa. Nilijaribu solo ya ule wa kwanza, pale penye noti za kukimbia nachelewa, na nilichelewa mbele ya watu. Iliniuma. Tulikaa tukakubaliana kaka mwingine achukue nne, mimi nibaki na mbili za taratibu, zile za toba. Moja tumeshusha ufunguo ili sauti za wanaume ziende chini pamoja na gitaa langu, na akina mama wamesema inawakaa vizuri kuliko zamani. Tunarekodi mwezi wa kumi na mbili.

Tatizo lililobaki: uzi wa tatu. Nikiuvuta kupandisha noti, ngozi ya kidole cha pete inateleza, nasikia "fyup" na noti inakatika. Uzi wa pili na wa kwanza haina shida. Mzee, ni ngozi au ni mkono?

MzeeNyuzi (Majengo)

Ni ngozi. Umeigundisha upande wenye mng'ao ukiwa nje, sivyo? Igeuze, jasho la babu liwe ndani, upande wa nyama ndio uguse uzi, kisha uisugue ukutani, kwenye saruji, mpaka iwe kama ulimi wa ng'ombe. Na nadhani uzi wenyewe wa tatu ni ule mtupu usiozungushiwa waya, nao ni mnene kuliko wenzake wawili. Nitakutafutia mwembamba zaidi.

Jumamosi nipo dukani kuanzia saa tatu. Njoo na gitaa, na kile kipande cha mshipi kilichobaki, usikiache nyumbani. Na mwalimu wa kwaya akiwa na nafasi, mwambie aje naye.